Kaburi la Moti

Kaanaeli alianza kulea mbwa wa watu akiwa na miaka arobaini na saba, mwaka uliofuata kifo cha mumewe. Kabla ya hapo alikuwa mfanya usafi katika kliniki ya daktari mmoja wa mifugo, na huko ndiko alikojifunza kumshika mbwa mkali bila kumkaba, na kumng'oa kupe bila kuacha kichwa chake kwenye ngozi. Daktari alipohama Arusha, wateja wake wa Njiro hawakuacha kumpigia Kaanaeli simu. Tunasafiri wiki mbili, Mama Nice, unaweza kukaa na mbwa wetu? Nice ni binti yake wa pekee, aliyeolewa Singida. Basi Kaanaeli akajenga mabanda sita ya mbao na wavu nyuma ya nyumba yake huko Engutoto, akayaezeka kwa mabati, na chini akamwaga zege lenye mteremko ili maji yasituame.

Kazi hiyo ina majira yake. Desemba mabanda hujaa mpaka anakataa watu, maana nusu ya Njiro huwa imekwenda kwao kula sikukuu. Masika yakianza ni matope, kupe, na manyoya yasiyokauka. Juni na Julai baridi hushuka kutoka mlimani, asubuhi huoni hata paa la jirani, na mbwa hutandikiwa magunia yaliyojazwa maranda. Kaanaeli aliyajua hayo yote, na kusema kweli aliipenda kazi yake. Alipenda vile mbwa aliyeletwa akitetemeka anavyoanza kula siku ya tatu.

Ila aliionea aibu. Marehemu mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na yeye mwenyewe aliheshimika pale usharikani. Siku moja kwenye sherehe ya kipaimara, mama mmoja alimuuliza mbele za watu, "Mama Nice, ni kweli unawapikia mbwa nyama kabla hujajipikia mwenyewe?" Meza nzima ikacheka. Kaanaeli naye akacheka, lakini chakula kilimshinda. Tangu hapo, mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwa neno moja tu: "Nafuga." Aliyetaka kudhani ni kuku, au ng'ombe wa maziwa, alimwacha adhani.

Mwezi wa tatu, masika yakiwa ndiyo yanaanza, Mama Rekha alimletea Moti. Mama Rekha alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Arusha mwenye asili ya India, ambaye familia yake iliwahi kuwa na duka la vipuri mjini. Moti aliokotwa na marehemu mumewe mbele ya duka hilo akiwa bado mtoto. Sasa alikuwa mbwa mzee, mweupe, mwenye sikio moja la kahawia. Mama Rekha alikuwa anakwenda Uingereza kwa mwanawe kwa wiki sita.

"Hajawahi kulala nje," alisema, akimkabidhi Kaanaeli blanketi aliloshona mwenyewe, lenye ukingo wa nyuzi nyekundu. "Na ngurumo anaziogopa. Mvua ikinguruma kaa naye tu, atatulia."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Atalala sebuleni kwangu."

Na kweli alilala sebuleni, wiki tatu, kando ya kochi. Kaanaeli alimzoea. Jioni akitazama taarifa ya habari, Moti alimwekea kidevu juu ya mguu.

Ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya. Jumamosi alasiri akina mama tisa wangekuja kwake kusali, wakiongozwa na Agnela, rafiki yake wa miaka mingi. Tangu asubuhi Kaanaeli alipiga deki, akafukiza ubani, akabadilisha vitambaa vya makochi. Saa tisa alimtazama Moti amejinyoosha juu ya blanketi lake katikati ya sebule, akakumbuka ile meza iliyocheka. Akamshika kola, akampeleka kwenye kibanda cha kuni kando ya mabanda, akakaza mlango kwa waya. Blanketi akalisukumiza chini ya kitanda.

Mvua ilianza katikati ya maombi. Ngurumo ya kwanza ikapiga, na kutoka nyuma Kaanaeli akamsikia Moti akilia. Halafu akasikia kukwaruza, kucha juu ya mbao, kwa haraka, bila kupumzika. Agnela akageuza shingo.

"Ni nini hicho?"

"Ni mbwa tu," Kaanaeli alisema. "Tuendelee."

Agnela akaanzisha wimbo. Ngurumo ikapiga tena, na kile kilio kikawa kama cha mtu. Kaanaeli hakuinuka. Alipandisha sauti. Aliimba kwa nguvu kuliko mtu yeyote mle ndani, mpaka mama aliyekaa karibu naye akamtazama na kutabasamu, akidhani ameguswa rohoni.

Wageni walipoondoka alikimbilia nyuma. Waya ulikuwa umepinda, ubao mmoja wa mlango umeng'oka, na juu ya ubao kulikuwa na damu kidogo. Kwenye uzio wa michongoma palikuwa na tundu. Moti hakuwepo.

Alimtafuta siku tisa. Alizunguka Engutoto, akaenda Njiro nyumba kwa nyumba, akafuata mto Themi akiwa na mwavuli, akiuliza mbwa mzee mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Siku ya tatu Mama Rekha alipiga simu. Kaanaeli angeweza kusema wakati ule. Badala yake alisema, "Yuko salama, mama, anakula vizuri." Siku ya nane akasema Moti anaumwa. Siku ya kumi akasema amekufa.

"Homa ya kupe," alisema. "Daktari alijitahidi, ikashindikana."

Mama Rekha akauliza, "Alikufa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naye."

Hilo ndilo neno lililomsumbua Kaanaeli kuliko mengine yote, maana hakulazimika kulisema.

Mama Rekha aliporudi aliomba kuonyeshwa mahali Moti alipozikwa. Kaanaeli alikwisha kujiandaa. Asubuhi ya siku hiyo alichimba shimo chini ya mparachichi, akatia lile blanketi, akafukia, akapanga mawe kuzunguka. Mama Rekha alisimama pale muda mrefu, kisha akamkumbatia. "Ahsante," alisema. "Mwingine angemtupa jalalani."

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa asubuhi na maua ya manjano ndani ya mfuko. Aliyapanga juu ya mawe, akasema maneno machache kwa lugha yao, halafu akakaa barazani. Kaanaeli alimpikia chai ya tangawizi. Mama Rekha alimsimulia habari za mumewe, namna alivyokuwa akimkatia Moti chapati vipande vidogo vidogo chini ya meza akidhani haonekani. Kaanaeli alisikiliza akitazama kikombe chake. Baridi ya Juni ikaingia, ikapita ya Julai, na Ijumaa hazikukatika. Alhamisi usiku Kaanaeli alikuwa hapati usingizi. Mara mbili alimpigia Mama Rekha kusema anasafiri kesho yake, na mara zote mbili alijifungia chumbani, akamsikia akifungua geti dogo na kwenda mwenyewe mpaka kwenye mparachichi.

Mwezi wa tisa, ardhi ikiwa kavu na upepo umejaa vumbi, Agnela alimwomba amsindikize Terrat kuchagua mbuzi wa sherehe ya mwanawe. Walifika kwenye boma la mzee mmoja mfugaji aitwaye Lesikar. Wakiwa wanatazama mbuzi, mbwa mweupe akatoka kivulini, akichechemea kidogo. Alisimama, akanusa hewa. Kisha akaja moja kwa moja kwa Kaanaeli, akaketi, akamwekea kidevu juu ya mguu.

Sikio moja lilikuwa la kahawia.

"Huyo tunamwita Oibor, yaani mweupe," alisema Lesikar. "Nilimkuta barabarani wakati wa masika, ana mwiba mguuni, amekonda. Mbuzi hawezi kuwachunga, lakini watoto wanampenda." Akamtazama Kaanaeli. "Huwa haendi kwa mgeni. Mnafahamiana, mama?"

Agnela alikuwa amesimama pembeni yake, akimtazama.

"Hapana," alisema Kaanaeli. "Simjui. Labda amenusa mbwa wangu kwenye nguo." Na akauondoa mguu wake.

Njia nzima ya kurudi Agnela alizungumza habari za mbuzi. Kaanaeli aliitikia. Alikuwa na furaha kwamba mbwa yuko hai, na furaha hiyo ilimuumiza, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wiki tano zikapita hivyo. Ijumaa tano. Chai tano.

Mvua za vuli zilianza siku ya Ijumaa. Mama Rekha alikuja vilevile, mwavuli mkono mmoja, maua mkono wa pili, viatu vimejaa tope. Kaanaeli alimwona kupitia dirishani akiinama kwa shida kuweka maua, goti likimsumbua, mkono wenye mwavuli umeegemea shina la mti. Akatoka bila mwavuli.

"Mama, usiyaweke hayo maua."

"Mvua si kitu. Yakiharibika nitaleta mengine."

"Hapo hakuna mbwa."

Mama Rekha alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Moti hayupo hapo. Nilifukia blanketi. Alitoroka, mama. Nilikuwa na wageni wa kanisani, nikamwonea aibu, nikamfungia kwenye kuni. Mvua ikanguruma. Nilimsikia akilia na sikwenda." Aliendelea, kwani alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Yuko hai. Yuko Terrat. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwona lini?"

"Wiki tano zilizopita."

Mama Rekha hakupiga kelele. Alisimama pale chini ya mwavuli wake, maua yakiwa bado mkononi.

"Chimba," alisema.

Kaanaeli alileta jembe. Mawe akayasogeza, udongo ukatoka mwepesi kwa ile mvua. Blanketi lilikuwa limeoza upande mmoja, lakini nyuzi nyekundu zilionekana. Mama Rekha alilitazama.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiliombea blanketi," alisema. Kisha akaenda kwenye gari lake. Kabla ya kufunga mlango akasema, "Kesho saa mbili nitakuja. Utanionyesha njia."

Asubuhi yake alikuja akiendesha mwenyewe, polepole. Lesikar aliwapokea bomani, akawatazama wote wawili, akaelewa kabla hajaelezwa.

"Mama, nilikuuliza kama mnafahamiana," alimwambia Kaanaeli.

"Uliniuliza, baba. Nilidanganya."

Mzee akageuka akatazama mbuzi wake. Kaanaeli aliona kwamba anafanya hivyo ili kumstahi, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko kama angemtukana.

Mama Rekha aliita jina mara moja tu. Moti alikuwa amelala na watoto wawili kando ya zizi. Aliinua kichwa. Safari hii hakusimama kunusa, alikuja mbio kwa miguu mitatu na nusu, akalia kwa sauti nyembamba, na yule mama mzee akaketi chini na sari yake, akamshika kwa mikono yote miwili. Mtoto mmoja wa Lesikar akaanza kulia naye, kwa kuwa alijua mbwa anaondoka. Kaanaeli alibaki amesimama kando ya gari. Hapakuwa na nafasi yake katika mambo yale.

Wakati wa kurudi, Moti alilala kiti cha nyuma. Walipofika njia panda ya Njiro, Mama Rekha alisimamisha gari.

"Shukia hapa," alisema. Kaanaeli akafungua mlango. "Mama Nice. Mbwa kutoroka, ningekusamehe siku ileile. Hata mume wangu alimpoteza mara moja. Lakini Ijumaa zote zile ulikaa na mimi ukanipikia chai."

Kaanaeli akashuka. Alitembea kwa miguu mpaka Engutoto.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa Agnela. Kaanaeli alifika mapema, akamweleza yote jikoni, tangu kibanda cha kuni mpaka Terrat. Agnela aliacha kumenya viazi.

"Kwa hiyo siku ile nilipouliza ni nini, alikuwa ndiye?"

"Ndiye."

"Na sisi tukaendelea kuimba." Agnela akaweka kisu chini. "Mama Nice, sisi sote tunajua unalea mbwa. Wanabweka mpaka barabarani. Ulikuwa unatuficha nini?"

Kaanaeli akachukua kile kisu, akaendelea kumenya viazi.

Moti aliishi miezi sita zaidi. Kaanaeli alisikia habari ya kifo chake kwa mteja mwingine wa Njiro, tena baada ya wiki mbili. Hakuitwa, na hakutegemea kuitwa. Akikutana na Mama Rekha madukani humwamkia, "Shikamoo, mama," naye hujibu, "Marahaba," akapita. Mama Rekha hakumsema vibaya kwa mtu yeyote. Wateja waliendelea kuja kama kawaida, na Kaanaeli aliona hilo nalo ni zawadi asiyostahili.

Mwishowe akaanza kusema mwenyewe. Mtu akileta mbwa kwa mara ya kwanza, kabla hajapokea kola, humwambia palepale getini: niliwahi kumfungia mbwa wa mtu vibaya akatoroka, nikamdanganya mwenye mbwa kwamba amekufa. Wengine hushukuru wakaacha mbwa. Wengine hucheka wakidhani ni utani. Desemba iliyopita kijana mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama mbwa wake mdogo, akasema, "Samahani, mama, siwezi," akamrudisha garini.

"Umefanya sawa, baba," Kaanaeli alimwambia, akamfungulia geti kubwa ili ageuze gari.