Saa Iliyolala Ukweni

Ukisikia mtu ananiita Mchunga Saa pale stendi ya Migori, tafadhali pita tu kama hukusikia, kwa sababu hilo jina nilipewa ukweni kwa kaka yangu, mbele ya watu wazima, nikiwa nimevaa sare ya shule iliyopigwa pasi, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa Agosti ya 1995, tumefunga shule, na kaka yangu Ouma alikuwa anajiandaa kwenda kwa kina Adhiambo, mchumba wake, kule bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Ni ile ziara ya kwanza ya mahari, sisi tunaiita ayie. Zawadi ya mama mkwe ilikuwa tayari, lakini Adhiambo alikuwa amemdokeza Ouma kwamba babake, Mzee Ogola, aliyekuwa karani bandarini zamani za meli, anapenda sana saa za kizamani za kutia ufunguo, na hizi za betri anaziita vidude. Sasa nani kwetu anajua saa? Mimi! Nilikuwa nimesoma gazeti moja lisilo na jalada katika maktaba ya shule, na tangu siku hiyo nilikuwa nawapima walimu saa za mikononi kuliko wanavyonipima mimi mitihani. Ouma akaniamini (yeye hufyatua matofali, moyo wake ni mweupe, anaamini chochote kilichosomwa). Akanipa pesa ya saa na pesa ya kuifanyia sevisi.

Sokoni Migori kuna jamaa anayetandaza saa kuukuu juu ya gunia, nyingi zinatoka ng'ambo ya mpaka. Ya kwanza nikaikataa kwa sababu mshale wa sekunde ulikuwa unaruka-ruka, maana yake ni betri iliyojificha ndani ya ganda la kizee. Ya pili uso uling'aa kama wa bibi harusi na mwili umechakaa kama wangu, nikajua imepakwa rangi upya. Ya tatu ilikuwa na mishale miwili isiyo ndugu. Ya nne, yawa, jamani, uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, wote sawasawa, mshale wa sekunde unateleza taratibu, na jamaa alipofungua mgongo nikaona jina la kwenye uso ndilo lile lile lililochongwa kwenye mashine. Nikatangaza kama jaji, "Hii ni original."

"Ni original, kijana," jamaa akasema, "lakini imekauka. Mpelekee fundi aifungue yote, aioshe, aitie mafuta yake."

Fundi naye akaniambia bei iliyokaribia bei ya saa yenyewe, na akataka wiki mbili kwa sababu kuna springi ya kutafutwa Kisumu. Ziara ilikuwa Jumapili, siku nne mbele. Nikajiuliza, saa inatembea, kwa nini nimlaze hospitali mtu anayetembea? (Hapo, rafiki zangu, ndipo nilipochimba kaburi.) Nikaenda nyumbani, nikachukua mafuta ya cherehani ya mama, nikaitia tone moja kwa njiti ya kiberiti, halafu jingine la bahati. Pesa ya sevisi tukaila chipsi na maboyz wangu, na zilizobaki tukaingia nazo video.

Saa ilitembea vizuri kabisa mpaka Jumapili asubuhi, nilipoikuta kwenye boksi lake imelala. Nikaitikisa, ikaamka. Nikailaza, ikalala. Njia nzima ya Lambwe nilikuwa nimeingiza mkono mfukoni natikisa, natikisa, mpaka baba mdogo Nyangweso, aliyekuwa msemaji wetu, akaniuliza kama nina malaria. Nikasema kidogo.

Tulipokaribia boma, baba mdogo akatuamuru sote tuvue saa zetu, kwa maana ukweni ukitazama mkono wako ni kama umewaambia chakula kimechelewa. Tukaingia, tukakaa wima kama watu wa kupigwa picha. Baba mdogo akaitoa zawadi kwa maneno marefu, akafika hata pale pa kusema, "Na mtoto wetu huyu, msomi wa saa, ameipima mwenyewe."

Mzee Ogola akaigeuza, akaiweka sikioni, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Nikapumua. Kisha akavua kile kidude chake cha plastiki, akampa mkewe akaweke chumbani, na ile ya kwetu hakuivaa. Akailaza juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya meza, uso juu. Akasema leo tutakwenda na saa ya wakwe.

Kulala chali ndiyo hali iliyokuwa inaiua.

Sikumbuki kuku alikuwa na ladha gani. Nilikuwa nautazama ule mshale wa sekunde kama mtu anayemtazama mgonjwa, na tulipokuwa tunanawa mikono ukajikokota, ukajikokota, ukasimama. Saa tisa kasorobo. Nikaigonga meza kwa goti, mchuzi ukamwagika. Nikaomba kuishika nimwonyeshe mzee jinsi ya kutia ufunguo, baba mdogo akanifinya paja. Nje mawingu yalikuwa yamefunga bonde lote, mvua inanyesha, jua halionekani liko wapi, na wazee wakaanza hadithi za meli, taratibu, kwa sababu kila wakitupa jicho mezani bado ni mapema. Mimi peke yangu nilijua kwamba wakati unaondoka na hatumo. Tena kulala katika boma la wakwe ambao bado unawaomba binti yao ni mwiko, na pikapu ya mwisho ya kututoa Lambwe haimngoji mtu. Ningesema? Nikisema, nimeharibu. Nikinyamaza, nimeharibu polepole. Nikachagua polepole.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, mama yake Adhiambo akaingia na taa ya chemni, imewashwa.

"Mama, taa ya nini saa tisa?" baba mdogo akauliza akicheka.

"Baba, pikapu ilipita kitambo," mama akajibu kwa adabu. "Nilidhani mmepanga njia nyingine."

Macho yote yakaenda mezani. Nyuma ya pazia nikasikia Adhiambo anavuta pumzi. Mzee Ogola akaichukua saa, akaifungua mgongo kwa kijisu, akanusa.

"Omera, ndugu yangu msomi," akaniambia, "hii saa inashona nguo?"

Nikasema ukweli wote, mpaka chipsi. Ouma hakunitazama, alitazama viatu vyake.

Mzee akamgeukia baba mdogo. "Orwa," akamwita, yaani mkwe, "mkileta ng'ombe, akaanguka kabla hajalala usiku mmoja zizini kwangu, huyo ni wa nani?"

"Ni wetu," baba mdogo akasema, sauti imepungua.

"Huyu hajafa, ni mgonjwa. Mrudisheni, apone, aje anatembea. Mpaka siku hiyo nitasema bado hamjafika kwangu. Na mchunga wake ni huyu," akaninyooshea kidole.

Tukatoka kwenye tope na boksi letu, tukalala kwa jirani asiye wa ukoo wao, juu ya magunia ya pamba, na Ouma hakunipiga, jambo lililoniuma kuliko kupigwa. Likizo yote nikabeba matofali yake kufidia pesa ya fundi. Fundi alitaka bei mara mbili, moja ya sevisi na moja ya kuondoa mafuta yangu.

Desemba tukarudi Lambwe. Mzee Ogola akailaza saa juu ya kitambaa kile kile, uso juu, akala akiitazama, nasi tukala tukimtazama yeye. Alipomaliza akanawa, akaiweka sikioni, akaivaa.

"Sasa mmefika," akasema, na pazia likacheka.

Halafu akaniita kando, akaniambia ng'ombe hupelekwa joshoni kuoshwa, na mchunga wake anajulikana. Kwa hiyo kila Agosti saa ya mkwe inakwenda kuoshwa kwa fundi, mkononi mwangu, na mimi nimeapa: pesa ya sevisi sitaila tena, hata chipsi zininukie mpaka darasani.