Aliyeimba Jikoni

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi, siku zile za vita vikuu vya pili, nyumbani kwetu mtaa wa Kuze palikuwa na sheria moja niliyoiona haina maana: mwanamwali haimbi jikoni. Akiimba, huolewa na mzee. Nyanya, mamake baba, hakutwambia kwa kututisha. Aliisema kama mtu asemavyo kwamba moto huunguza.

Shida ni kwamba jikoni ndiko tulikosikia nyimbo. Ukuta wa jiko letu uliungana na nyumba ya Mama Gulbanu, mke wa Mhindi muuza vitambaa, na kila alasiri yeye hupiga santuri zake. Huanza na za Kihindi, kisha huweka taarabu mbili tatu alizozipenda. Dada yangu Zuena alikuwa na miaka kumi na mitano. Alipovunja ungo alitolewa chuo cha Kurani, na tangu hapo hatoki ila kwa buibui, tena na mtu mzima. Mashoga zake aliokuwa akicheza nao ukuti aliwaona harusini tu. Kwa hivyo santuri ya jirani ndiyo iliyokuwa matembezi yake. Yeye hukuna nazi, mimi huchagua mchele, na wimbo ukianza mimi ndimi niliyemchokoza.

"Imba, dada. Nyanya yuko juu, hasikii." Nami huanza, naye hunifuata.

Siku moja tukamwona Nyanya amesimama mlangoni.

"Mwaimba?"

"Hatuimbi, Nyanya."

"Haya. Akija huyo mzee, msiniite mimi nimrudishe."

Hata wiki mbili hazikupita, posa ikaja. Aliileta Bi Rukia wa Bondeni, pamoja na sahani ya halua, kwa ajili ya kakake aliyefiwa na mke. Kakake huyo alikuwa mtu wa msikitini, mwenye heshima zake, na alimpita baba yetu kwa umri. Baba alipendezwa. Bi Rukia aliambiwa arudi Ijumaa kuchukua jibu.

Zuena hakulia. Tulipokuwa peke yetu chumbani aliniambia, "Nyanya alitwambia," akaendelea kukunja nguo. Nilijua hapo kwamba akiulizwa atakubali, kwa kuwa aona amejitakia mwenyewe. Na mimi nilijua ni nani aliyemwambia aimbe.

Ijumaa wanawake wakakaa mkekani chumba cha ndani, nami nikatumwa kupeleka kahawa. Niliweka sinia chini, nikabaki nimesimama.

"Bi Rukia," nikasema, "posa yenu imekosea mtu. Aliyeanzisha kuimba jikoni ni mimi. Dada alinifuata tu. Kama kuna wa kuolewa na mzee, ni mimi."

Mama alinivuta mkono. Bi Rukia akaweka kikombe chake chini.

"Mzee ni nani?" akauliza polepole.

Ndipo Nyanya akasema, kwa sauti yake ya kila siku:

"Mtoto huyu hajui adabu, lakini asema kweli. Rukia mwanangu, mamako nimecheza naye ngoma ya lelemama, na mambo haya alikufundisha. Jambo lililoitwa na huyu haliwezi kumwangukia yule. Nikikupa Zuena nitakuwa nimekupa asiyekuwa wako, na kwa jambo kama hilo huogopi kakako kupatwa na mkosi? Mimi naogopa."

Bi Rukia akanitazama mimi. "Na huyu bado mtoto," akasema.

"Bado mtoto," Nyanya akakubali.

Wakamaliza kahawa yao. Bi Rukia akaondoka na heshima yake, maana hakuna aliyemkataa kakake. Baba alipoelezwa alikasirika, akataka kusema, akamtazama mamake, akasema tu, "Mambo ya wanawake," akaenda zake kusali. Mimi mama alinipiga makofi mawili, na nilistahili. Zuena aliolewa miaka mitatu baadaye na fundi cherehani kijana, kwa ridhaa yake.

Nilipokuwa na watoto wangu nilimuuliza Nyanya kama kweli aliamini mambo yale.

"Naamini," akasema. "Ningekuwa siamini, Rukia angenijua palepale, na dadako angekwenda."

Miaka mingi nilidhani alimchezea mgeni wake akili. Sasa nimefikia umri wake, na sidhani tena hivyo. Mtu mjanja tu asingefika popote siku ile. Baba alikuwa na jibu la kila neno nyumbani mwetu, isipokuwa neno la mkosi litokalo kwa anayeliamini, na Nyanya alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa.