Kipande cha Magadi

Mume wangu alibeba mataruma ya reli Wajerumani walipoifikisha Dodoma, na jioni alirudi na njaa ya kazi hiyo. Alikula ugali wa uwele mpaka akatweta, akashushia pombe, kisha akajilaza hapo hapo. Kiungulia kilipompanda aliniita nimletee magadi, haya haya tunayolainishia mlenda. Nilimtilia chembe kwenye maji, akacheua, akalala.

Angeishia hapo nisingekuwa na neno. Lakini nafuu ile ilimnogea, akawa analamba magadi kutwa, na miguu ikaanza kuvimba.

Akaenda kwa daktari wa Kijerumani pale stesheni. Aliporudi akaniambia, "Daktari amenikataza magadi. Mboga yako ndiyo inayoniua."

Nilikasirika, ila nikapika mlenda bila magadi. Nyumba nzima tukatafuna majani magumu kwa ajili yake, na miguu ikazidi kuvimba.

Ndipo nikaukung'uta mfuko wake wa ugoro. Kikaanguka kipande cha magadi kikubwa kama ngumi ya mtoto, kimelambwa upande mmoja mpaka kikawa laini.

"Na hiki nacho nilikipika mimi?"

Tangu siku ile alikula mapema, akakaa kitako mpaka chakula kishuke, na miguu ikanywea. Kiungulia kikimrudia mara moja moja, chembe nilimpimia mimi.

Kile kipande nilikiosha. Kilitupikia mlenda, nyumba nzima, mpaka mvua zikaanza kunyesha.