Meza Mbili Morisi

Mpango wa kwanza ulikuwa mzuri, na nausifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuusifu. Siku sita kuizunguka nchi ya Morisi. Tungeanzia sokoni katika mji mkuu, tule chapati zao laini za dengu tukiwa tumesimama, kama wanavyokula wenyeji. Kesho yake tungekwenda bustani yenye maua ya majini, yale ambayo jani moja ni pana kama sinia la pilau ya arusi. Kisha kusini, kwenye udongo wa rangi saba, na jioni mchuzi wa pweza katika mkahawa ulio ufukweni kabisa. Meza ya watu watatu: mimi, mke wangu, na mama yake.

Hapo kwenye watu watatu ndipo nilipoharibu.

Kupanga safari ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilivuka mpaka kutoka Kakamega miaka ile baada ya vita, Kampala ikiwa bado inaziba matundu ya risasi kutani, na baada ya kuhangaika na biashara hii na ile nikaingia katika ofisi ndogo ya tiketi za ndege pale Wandegeya, juu ya duka la kupiga chapa. Niliwapangia safari wahadhiri waliosahau pasipoti nyumbani. Niliwapangia mahujaji, na wafanyabiashara waliotaka kwenda China na kurudi kabla wake zao hawajajua. Hakuna aliyenishinda, mpaka nilipojaribu kuipangia familia ya mke wangu.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mjane, akiishi Mengo katika nyumba ya matofali aliyoachiwa na mumewe. Maisha yake yote aliwafundisha watoto wa Uganda habari za Morisi: miwa, vimbunga, milima ya volkano iliyozimika. Aliweza kukichora kisiwa hicho ubaoni bila kutazama kitabu. Lakini bahari hakuwahi kuiona, hata ile ya Mombasa. Kisha macho yakaanza kumsumbua, na daktari akasema ni presha ya macho. Giza lilikuwa linamwingia kutoka pembeni, na dawa za matone zingelichelewesha tu, zisingelizuia. Mke wangu alirudi kutoka hospitali na neno hilo, kuchelewesha, akaniambia, "Baba watoto, nataka mama aione Morisi kabla."

Hakumaliza, na mimi sikumuuliza kabla ya nini. Nikachukua karatasi.

Sasa, kwa asiyejua: kwa Waganda, mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawapandi gari moja, hawali meza moja. Heshima hiyo wanaiita obuko, na kila mmoja wao ni muko wa mwenzake; anayeivunja, wanasema, mwili utamtetemeka uzeeni. Kwetu Kakamega nasi tunayo, kwa hiyo sikuwa mgeni nayo kabisa. Miaka yote ya ndoa yetu nilipokwenda Mengo nilikaa sebuleni, na mama mkwe akanisalimia kutoka nyuma ya pazia la ukumbi wa vyumbani. Sauti yake ilitokea chini, karibu na sakafu, nikajua amepiga magoti kama desturi yao inavyotaka. Siku ya arusi nilimwona kwa mbali, vazi la gomesi la kijani na kilemba, katikati ya wanawake wengine. Sura yake sikuijua. Ukipenda boga penda na ua lake, na mimi nililipenda ua hilo bila kulalamika. Nilichodhani tu, kwa ujinga wangu, ni kwamba miiko ya watu inaishia uwanja wa ndege wa Entebbe, pale wanapokagua mizigo.

Aliyenizindua ni ssenga, shangazi wa mke wangu. Mwanamke huyu aliuza vitenge katika vichochoro vya Kikuubo, na Kiswahili alikipata kwa Wakongo na Wakenya waliokuwa wateja wake. Katika ukoo, neno lake kuhusu mambo ya ndoa ndilo la mwisho. Alikuja kwetu Jumapili moja, akanywa chai, akataka asomewe mpango. Nikasoma kwa majivuno. Nilipofika kwenye pweza akaniwekea mkono.

"Hii meza iko na watu ngapi?"

"Watatu, ssenga."

"Wewe, na mutoto yetu, na nani?"

Nikamwambia. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Banange. Wewe nataka kula na muko wako?"

"Si sahani moja, ssenga. Ni meza tu."

"Meza na sahani iko mutoto ya mama moja," akasema. "Andika ingine."

Nikaandika nyingine. Mpango wa pili ulikuwa na magari mawili: moja la mama na binti na dereva wa kukodi, jingine langu, nikifuata nyuma na masanduku kama mtu anayesindikiza jeneza. Hoteli mbili kila usiku. Meza mbili kila mlo, yangu ikiwa imegeuziwa ukuta. Hebu fikiria kumwandikia barua mwenye mkahawa wa kule ng'ambo, kwa Kiingereza cha adabu, ukimweleza kwa nini mgeni wake mmoja anataka kumla pweza akitazama ukuta. Jamaa alijibu kwa kuuliza kama tumegombana. Nilimjibu kwamba hapana, tunaheshimiana sana.

Ssenga alisikiliza mpango wa pili mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Na ndege?"

"Ndege ni moja, ssenga. Yeye atakaa mbele, mimi nyuma kabisa, karibu na choo."

"Iko na mulango ngapi?"

Nilitoka nje nikasimama uani kwa muda, nikiitazama sufuria ya ndizi iliyokuwa motoni. Nilitaka kupiga kelele. Mwanamke wa miaka sabini alikuwa anapoteza macho, na sisi tulikuwa tunahesabu milango ya ndege. Niliporudi ndani nilisema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema mwanzoni: basi mimi nibaki. Waende mama na binti. Nitapanga kila kitu, nitawapeleka uwanja wa ndege kwa magari mawili, nitabaki na watoto.

Mke wangu aliogopa. Hakuwahi kupanda ndege, hakujua Kifaransa cha kule wala barabara zake, na angekuwa na mama asiyeona ngazi vizuri. Lakini nilijua ningemshawishi. Aliyekataa ni mama mkwe mwenyewe. Nilikwenda Mengo kumbembeleza, nikakaa kwenye kiti changu cha siku zote, pazia likatikisika kidogo.

Kiswahili alikuwa hakipendi, maana alikisikia kwanza kwa askari wa vizuizini zamani za vita. Kiingereza alisema ni cha darasani, si cha wakwe. Luganda changu nacho kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo alinihurumia, akasema nami kwa lugha asiyoipenda.

"Ssebo, wewe nalipa safari, halafu wewe nabaki hapa na uji?"

"Mimi nitakuwa sawa, mama."

"Hapana. Watu nasema nini? Muko wake nalala njaa, yeye iko nakula samaki kwa hoteli. Mimi hapana enda vile."

"Lakini mama, macho."

Akalivuta pazia lifunge vizuri.

"Macho iko ya mimi," akasema. "Heshima iko ya sisi yote."

Basi hawezi kwenda nami, na hawezi kwenda bila mimi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, Mengo mpaka Wandegeya, nikiongea peke yangu, watu wakinipisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini yangu nilikuwa nimeifunga mwenyewe, kanisani, mbele ya mashahidi.

Ssenga ndiye aliyeleta suluhisho, na lilikuwa suluhisho la kweli, siwezi kumnyima haki yake. Angekuja yeye. Shangazi akikaa katikati, obuko unapoa. Ndani ya ndege angekaa safu moja na mama mkwe, kiti cha upande wangu, awe kati yetu. Mkahawani meza zingekuwa mbili lakini yeye angekuwa daraja, akituma salamu huku na huko. Hata mashua ya kwenda kisiwa kimoja kidogo cha mchanga mweupe ingewezekana, mradi yeye aketi kati na atandaze kitenge. Mama mkwe alikubali kutoka nyuma ya pazia. Mke wangu alilia kwa furaha. Nikaandika mpango wa tatu, na nikampa yule jamaa wa pweza habari njema kwamba sasa tuko wanne.

Ila ssenga hakuwa na pasipoti. Na pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa, na cheti chake kiliungua Luweero pamoja na nyumba ya baba yake wakati wa vita. Nani asiyejua hilo? Nusu ya watu wa umri wake walipoteza karatasi kule. Lakini kila dirisha tulilofikia lilishangaa kana kwamba vita vilipiganwa nchi nyingine. Tulete kiapo. Tulete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti amekufa, basi tulete barua ya aliyemrithi. Aliyemrithi hamjui ssenga, kwa kuwa alizaliwa baada ya yeye kuondoka. Wakati huo nilikuwa naahirisha tiketi, na msimu wa vimbunga ukaingia kule, tukangoja upite, ukapita, tukaanza tena. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na mimi kweli niliumwa tumbo, nikawa nakunywa dawa za vidonda ofisini.

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na karani wa dirisha la tatu. Na ssenga, kwa kuwa na maswali. Na mke wangu, ambaye kila jioni aliniuliza "bado?" kana kwamba mimi ndiye niliyeichoma Luweero. Na mama mkwe zaidi ya wote, kwa jinsi alivyokuwa mtulivu. Kila nilipokwenda Mengo aliuliza kuhusu bahari, kama ni buluu kweli au ni ramani tu, na mimi, ambaye nimeiona ile ya Mombasa mara mbili tu, nilimwambia ni buluu na kijani, inategemea saa. "Nitaona," alikuwa akisema. "Nitaona mwenyewe."

Pasipoti ya ssenga ilitoka siku ya jua kali. Mke wangu aliichukua akakimbia nayo Mengo moja kwa moja. Alimkuta mama yake ameketi kitandani, madirisha yote yako wazi, mchana kweupe. Mama akamuuliza kwa nini hawajawasha taa.

Siku zilizofuata sizikumbuki vizuri. Madaktari walisema walichokuwa wamesema tangu mwanzo. Nilizifuta tiketi, nikamwandikia mtu wa pweza kwa maneno machache. Kisha ssenga akaja kwetu, hakunywa chai, akasema alichokuja kusema akiwa bado amesimama mlangoni.

"Sasa hakuna shida. Obuko iko ya macho. Yeye hapana ona wewe tena. Nyinyi naweza panda gari moja."

Sikuwahi kusikia mtu mwingine akisema hivyo, kabla yake wala baada. Nilimwambia ssenga maneno ambayo mkwe hapaswi kumwambia ssenga. Nilimuuliza kama hilo ndilo tulilokuwa tunangojea. Akaketi chini kwenye mkeka wetu akaanza kulia, na hapo sikuwa na mtu wa kumkasirikia tena, jambo ambalo ni baya kuliko hasira.

Mama mkwe aliniita Jumapili iliyofuata. Niliingia, nikaelekea kwenye kiti changu, nikasimama. Pazia lilikuwa limevutwa kando na kufungwa kwa kamba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao palepale alipozoea kupiga magoti, ameelekeza uso upande wangu lakini kidogo kushoto. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Mke wangu amechukua paji lake la uso na masikio yake, na sikuwa nimelijua hilo miaka yote.

"Iko na karatasi?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Niliichukua asubuhi ile bila kujua kwa nini.

"Soma."

Nikasoma. Soko, chapati za dengu, maua ya majini. Udongo wa rangi saba. Nikafika kwenye mkahawa wa ufukweni, nikaona pale nilipoandika meza mbili, moja ukutani.

"Na meza?" akasema.

Nilitoa kalamu nikaikata ile ya ukutani, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama.

"Ni moja, mama."

Akasogeza uso kidogo, akiitafuta sauti yangu.

"Wewe nakaa upande gani?"