Njia ya Kijani Uani kwa Mama Mkwe

Mpangaji miji wa manispaa aliitwa Penseli na wenzake kazini, maana penseli haikumtoka sikioni hata akienda msalani. Alikuwa na ndoto moja: mtu atoke bustani ya mtoni, apite bustani ya shule, afike katikati ya mji penye soko bila kukanyaga barabara ya magari. Bustani zilikuwepo, ila zilikaa kama ndugu walionuniana, hakuna njia ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kwenye ramani alizipatanisha kwa mstari wa kijani mzuri ajabu.

"Na hapa katikati ni kwa nani?" mkurugenzi akauliza.

Penseli akakohoa. "Ni uani kwa mama mkwe wangu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Basi kamwombe. Akikataa, bustani zote tunazifanya maegesho ya magari."

Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Kwake, mwanaume mzima anayelipwa kwa kupaka rangi makaratasi alikuwa mzigo ambao binti yake aliubeba kwa huruma tu.

Jumamosi Penseli akaenda na mkewe, amekumbatia mfano wa mji mzima uliotengenezwa kwa maboksi, miti yake vipande vya sponji ya kuoshea vyombo.

"Anza na salamu," mkewe akamnong'oneza mlangoni.

Akaanza na mji.

Mama mkwe akavaa miwani. "Uani kwangu ni wapi?"

Penseli akagusa sponji.

"Nimekuozesha binti, wewe unanigeuza sponji?"

"Huo ni mti, mama. Tunaomba kaukanda tu, watu wapite..."

"Wapite wakikagua nguo zangu kambani? Thubutu!"

Penseli akaeleza hewa safi. Akaeleza vivuli, akafika mpaka kwa vipepeo. Mama mkwe akapiga mwayo. Jasho likamtiririka Penseli, akaanza kukusanya mji wake.

"Basi mama, yaishe. Watu wa mtaa wa juu wataendelea kuzunguka kule kwao."

Mwayo ukakatika njiani. "Kumbe na wao wangepita hapa?"

"Wote, wakienda sokoni."

"Hata mke wa fundi saa, anayejifanya hanioni harusini?"

"Hata yeye."

"Na kikapuni kabeba nini, ningeona?"

"Mama jamani!" mkewe akaruka.

"Nyamaza, naongea na mkwe wangu."

Mkwe! Tangu harusi alikuwa "huyo mtu wako". Penseli nusura adondoshe soko.

"Nataka benchi," mama mkwe akasema. "Lisitazame maua, litazame watu. Na njia ipinde hapa, wapunguze mwendo."

Ikapindwa.

Siku ya ufunguzi, umati ulisubiri katikati ya mji, kipaza sauti kimewashwa, mkurugenzi haonekani. Alikuwa ametoka mtoni kwa miguu ili kuonyesha mfano. Penseli akaifuata njia mbio mpaka kwenye kona. Mkurugenzi alikuwa amekalishwa benchini, kikombe cha chai mkononi, na nyuma yake foleni ya wapita njia waliovalia sherehe, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuhojiwa. Mke wa fundi saa alikuwa wa tatu, kakificha kikapu mgongoni.

"Mkwe, kaa," mama mkwe akasema, akisogea kidogo. "Huyu bosi wako hajaoa, ulijua? Hatoki hapa mpaka tuelewane."