Nimebusu mkono wa mtahini

Jamani, leo nimebusu mkono wa mtahini! Mwili bado unanisisimka.

Nilikuwa kwenye usaili wa chuo cha fiziotherapia, hapa Mahajanga, Madagaska. Mama aliyeongoza usaili akasoma alama zangu: kumi kati ya ishirini.

"Binti, kwa alama hizi?"

Kifaransa chote cha usaili kikanitoka.

Akanipa mkono wa kuniaga. Nami, mtoto wa Kingazija wa Komoro, nikaupokea kwa mikono miwili nikaubusu, kama wa bibi yangu. Wasaili wenzake wakacheka. (Aibu gani hii!)

Lakini kidole gumba chake kilikuwa kimekakamaa. Bila kufikiri nikaanza kukikanda, kama ninavyomkanda bibi.

Kicheko kikakatika.

Kidole kikalegea. Kikajikunja! Mama akakitazama, macho yamemtoka.

Mnataka kujua kama nimepita?

Alininyooshea tu mkono wa pili.