Kuku Asiye na Firigisi

Kwetu Masafu kuku hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe hata kabla maji ya kumnyonyolea manyoya hayajachemka. Mapaja ni ya wageni. Mabawa ni ya vijana wa kiume, na kichwa na miguu ni ya wavulana wanaorudi na mbuzi. Firigisi, ile nyama ndogo iliyojikunja kama ngumi ya mtoto, ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba ameamua kumweka juu yake mwenyewe. Wanawake ndio waliomfuga huyo kuku, wakamfungia jioni, wakampika huku moshi ukiwatoa machozi. Fungu lao lilikuwa harufu. Nimehesabu mara mbili na sikuona lingine.

Nasimulia likizo ya Desemba, katika miaka ya sitini, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja katika chuo cha ualimu upande wa Tororo. Chuoni tulipewa yai kila Jumapili. Mwanzoni wasichana wengi tuliyasogeza pembeni ya sahani, maana tulikuwa tumeambiwa tangu utotoni kwamba yai humfanya mwanamke awe tasa, na nyama ya kuku humfanya awe mwenye mdomo. Rafiki yangu mmoja, msichana wa Kisoko, ambaye kwao pia wanawake hawakumla kuku, alipita meza kwa meza akiyakusanya mayai yetu kama mtoza ushuru. Tulimtazama mwaka mzima tukingoja balaa limpate. Alinenepa tu. Basi nasi tukaanza kula, na kuhusu mdomo, nakiri kwamba wangu ulikuwepo tangu zamani.

Nilifika nyumbani nikamkuta shangazi, dada mkubwa wa baba, ameketi chini ya upenu na mkeka wake mwenyewe. Shangazi haji na mkeka kwa ajili ya salamu. Nilijua kuna biashara, na sikuchukua muda kujua kwamba bidhaa ni mimi.

Alikuwepo mwanamume ng'ambo ya Mto Sio, upande wa Kenya, Msamia kama sisi, mwenye duka na lori. Mkewe alifariki akamwachia watoto wanne. Shangazi alisema mtu huyo hataki msichana yeyote tu, anataka aliyesoma, kwa kuwa watoto wake hawana mama wala mwalimu. Nikamwambia basi mtu huyo anataka mke, yaya na shule nzima, na vyote kwa bei ya kimoja.

"Kalamu haizai, mwanangu," akasema shangazi.

"Wala ng'ombe wa mahari hawasomi, shangazi."

Hakucheka. Jambo lilikuwa limeiva. Wageni wangekuja wiki ya Krismasi, wakikubaliana na baba ningehamia kwa huyo mwenye duka kabla ya muhula kufunguliwa, na chuo kingeishia hapo. Ada yote ambayo baba alikuwa ameshalipa, pamba yote iliyouzwa kwa ajili yangu, ingekuwa imenunua mwalimu wa bure wa watoto wa mtu mwingine.

Nilibishana na baba kila siku. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mpole mbele za watu na mgumu nyumbani. Nilimweleza mshahara wa mwalimu ni kiasi gani na ungemfaa vipi uzeeni. Nilimwambia chuo hakirudishi ada. Siku moja niligusa hata kuku, kwa hasira tu. Nilimkumbusha shuka lile lililoshushwa kwa Petro kutoka mbinguni, lenye kila aina ya wanyama na ndege, na sauti ikamwambia ale, asiite najisi kile Mungu alichokitakasa. Kama kuku si najisi, nikasema, kwa nini mama hajawahi kumwonja?

Baba alifikiri kidogo. Kisha akasema kwamba Petro alikuwa mwanamume.

Lakini aliyenichoma zaidi alikuwa mama. Mama hakusema neno. Nikibishana na baba, yeye anapeta wimbi. Nikilia kwa ghadhabu, anauliza kama nimeingiza kuni. Nilimfuata jikoni nikamwambia kwamba kimya chake ni saini. Akanipa sufuria nisugue. Nilisugua ile sufuria mpaka nikadhani nitaitoboa.

Siku ya soko tulikwenda Busia kuuza kuku wake watatu, na rafiki yangu wa Kisoko akatukuta huko, akiwa amekuja kukaa nami siku chache. Yule msichana alikuwa na dawa ya kila ugonjwa, na dawa yake kwangu ilikuwa kutoroka. Alisema kwao Kisoko kuna nyumba tupu na muhogo wa kutosha, na kaka zake ni wakorofi wa kutegemewa. Nilikuwa naufikiria mpango huo kwa dhati wakati mnunuzi mmoja kutoka upande wa pili, mwenye matenga juu ya baiskeli, alipochutama mbele ya kuku wa mama.

"Mama, sema bei," akasema.

Mama akamtazama. Akaweka miguu ya kuku vizuri, akakaa.

"Sema basi, mama. Soko natoka."

"Wewe nasema ngapi?" mama akamuuliza, kwa kile Kiswahili chetu cha mpakani kisichojisumbua na sarufi.

Mtu yule akataja bei. Mama akaangalia upande wa barabara. Mtu akapandisha. Mama akafukuza nzi. Akapandisha tena, akaapa kwa marehemu mama yake, akainuka, akaenda hatua chache, akarudi na bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja. Ndipo mama akamkabidhi kuku.

Hayo ndiyo aliyonifundisha tangu nikiwa mdogo, kwamba anayetaja bei kwanza ndiye anayeuza kwa hasara. Biashara niliyokuja kuifanya baadaye nimeijenga yote juu ya kanuni hiyo. Lakini siku hiyo nilikuwa na hasira kiasi cha kutoona kitu kilicho mbele ya pua yangu. Aliyekiona ni rafiki yangu. Tulipokuwa tunarudi, mama ametangulia na kikapu kitupu kichwani, alinivuta mkono.

"Unasema mama yako amekubali," akasema. "Mimi naona bado hajataja bei."

Nilimwambia aache methali, anieleze vizuri njia ya Kisoko.

Wageni walikuja siku ya pili baada ya Krismasi, wanaume watano. Mshenga wao alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua katikati ya kiangazi. Mchumba mwenyewe alikaa karibu na mlango, kofia juu ya magoti, akitazama ukuta kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Mama alikuwa ametoa jogoo wake mkubwa kuliko wote. Mimi na rafiki yangu tulikuwa jikoni, ambapo ukitega sikio kwenye ufa wa ukuta unasikia kila kitu kinachosemwa sebuleni.

Niseme wazi kwamba nilikasirika mara mbili. Kwanza, kwa kuwa nilikuwa nauzwa. Pili, kwa kuwa nilikuwa nauzwa vibaya. Baba alitaja idadi ya ng'ombe yeye mwenyewe, mapema, kabla hata hawajamaliza kumsifia nyumba. Mshenga akaguna kidogo, na baba akashuka. Akaguna tena, baba akashuka tena, kama mbuzi anayefuata chumvi. Nimeona fungu la dagaa likiuzwa Busia kwa ubishi mkubwa zaidi. Rafiki yangu alinifunga mdomo kwa kiganja chake, maana nilikuwa karibu kupiga kelele kupitia ufa kwamba baba asubiri.

Kisha baba akauliza habari ya chuo. Nadhani aliuliza ili baadaye aweze kusema aliuliza.

"Chuo kiko kwetu," mshenga akajibu. "Watoto wanne hawajui kusoma. Atafundisha hapo hapo."

Wakacheka wote. Nikamsikia baba naye akicheka.

Kilichobaki kilikuwa chakula tu. Kwetu maneno ya namna hiyo hayajafungwa mpaka mikono imenawishwa na sahani imerudi tupu. Mama akatutuma, mimi nikachote maji ya kunawa, rafiki yangu akatafute majani ya ndizi ya kufunika ugali. Tuliporudi, bakuli lilikuwa limeshajazwa, limefunikwa, tayari. Nililibeba mimi. Nilipiga magoti mbele ya mshenga kama ilivyotakiwa, nikaliweka chini, na moyoni nilikuwa nimeshafika Kisoko.

Mshenga akafunua. Akatazama. Akageuza vipande kwa kidole, polepole, kama anayetafuta shilingi iliyoangukia ndani. Wenzake wakainama nao. Baba akanyoosha shingo. Hapo hata mimi nikatazama na kuhesabu, kisha nikahesabu tena. Mapaja yapo. Kidari, mgongo, mabawa, vyote vipo.

"Huyu kuku alikuwa mgonjwa?" mshenga akauliza kwa upole.

Baba akasema la, alikuwa mzima kabisa.

"Basi chakula alikuwa akikisagia wapi?"

Msomaji asiye wa kwetu huenda asione uzito wake. Kumpelekea mkwe kuku asiye na firigisi ni kumwambia kwamba hapa hatujaona mwanamume. Watu wameacha kuzikana kwa sababu hiyo. Baba aligeuka rangi ya jivu. Shangazi akaingia kutoka kwenye mkeka wake chini ya upenu, akanielekezea kidole.

"Ni huyu. Chuo kimemfundisha kudokoa chunguni."

Nilifungua mdomo, na niliyotaka kusema yalikuwa mengi. Mojawapo ni kwamba najuta, kwa kuwa si mimi, na kwamba ningekuwa na akili ningelifikiria jambo hilo tangu asubuhi. Lakini sauti ikatoka nyuma yangu.

"Msimtafute mwizi. Nimeila mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akifuta mikono kwenye leso. Mama mkwe hasimami mbele ya mkwewe kwetu, wala hamtazami usoni. Mama alikuwa anamtazama mwenye duka usoni, na yule bwana akawa anatazama kofia yake.

"Umekula nini?" baba akauliza. Alikuwa amesikia. Alitaka tu kusikia kingine.

"Firigisi. Kuku ni wangu, na msichana ni wangu. Wote wawili hakuna aliyeniuliza bei."

Mshenga alifunika bakuli taratibu, akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika ugali, akainuka. Alisema binti hufuata mama, na wao hawawezi kuvusha mto mwanamke ambaye kesho ataketi na wanaume akidai fungu. Baba aliwaahidi jogoo mwingine, akaahidi beberu, akaahidi kupunguza ng'ombe tena, jambo ambalo hata katika hali ile liliniudhi. Wakatoka. Mmoja wao aliligeukia bakuli kwa huzuni ya kweli. Mwenye duka aliponipita alisema, "Kwaheri, mwalimu." Ndilo neno pekee aliloniambia katika jambo lote lile, na nitamtendea haki, alilisema kwa heshima.

Shangazi alikunja mkeka wake jioni ile ile. Baba aliacha kula chakula cha mama, akawa anakula kwa mdogo wake. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua kwamba nyumba imechafuka, na wakamtoza mama mbuzi wa kuisafisha. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa mama. Nyama yake walikula wao. Wanawake wa kijiji walikuja kwa zamu, kila mmoja na kisingizio chake, kumtazama kama ameota kilemba cha jogoo.

Watu hunisikia nikisimulia haya wakacheka, nami huwaacha wacheke, lakini hasira yangu haijapoa. Nilisema likizo nzima. Nilileta hoja za pesa, za Biblia, za akili tu ya kawaida, na hakuna iliyoinua hata unyusi. Kisha kipande cha nyama cha ukubwa wa kidole gumba kikakosekana bakulini, na wanaume wazima wakasikia mara moja, wakaelewa kila kitu, wakavuka mto kurudi kwao. Wangeweza kunisikiliza mimi. Ilikuwa rahisi zaidi, na mbuzi wa mama angekuwa hai.

Mama alinisindikiza Busia kupanda basi la Tororo. Alibeba sanduku langu kichwani na hakukubali nimpokee. Tulikaa kando ya barabara juu ya sanduku hilo, akamenya karanga. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, na nililoweza kutoa ni swali la kipumbavu. Nilimuuliza ilikuwaje, hiyo firigisi.

Alifikiri kwa makini, kama anayekagua kuku wa mtu mwingine.

"Ngumu," akasema. "Na chumvi haikukolea."

Akatupa maganda, akakung'uta leso.

"Miaka yote hii nawapikia bila kuonja. Hakuna aliyewahi kuniambia."